Umesasisha programu, mbona bado inaandika toleo la zamani?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na mafundi wa kompyuta wakapata kazi ya kuhamishia watu Windows 11. Hapo likazuka swali: mtu amelipia, amerudi nyumbani, amefungua programu ya kukagua mashine, nayo inamwandikia kuwa bado yuko Windows 10. Ametapeliwa?

Mara nyingi hapana. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha Enter. Kwenye dirisha dogo litakalofunguka, tazama namba inayofuata neno Build. Ikiwa ni 22000 au zaidi, hiyo ni Windows 11, hata programu nyingine ikikuambia nini.

Programu iliyokuchanganya imekwenda kusoma mahali pengine. Windows ina rejista, yaani daftari kuu ambamo mfumo na programu huandika taarifa zao. Humo kuna mstari uitwao ProductName, na kwenye Windows 11 mstari huo umeachwa ukisomeka "Windows 10 Pro" au "Windows 10 Home". Mstari wa jirani, CurrentVersion, unasema 6.3, ambayo ni namba ya Windows 8.1. Na programu ya zamani ikiuliza kwa njia ya zamani bila kujitambulisha kuwa inaifahamu Windows 10, inajibiwa 6.2, yaani Windows 8. Hii si bahati mbaya. Kuna programu nyingi ambazo hugoma kufunguka zikikutana na namba ambayo hazijaizoea, kwa hiyo mfumo unazipa namba ambayo zimeizoea ili kazi iendelee.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa mkanganyiko wote wa matoleo. Namba ya toleo ni maandishi tu. Kuna aliyeyaandika, mahali fulani, siku fulani, na kuna mwingine anayeyasoma leo. Fikiria kibao cha njia kwenye kioo cha mbele cha daladala: gari ni kitu kimoja, kibao ni kingine. Konda akisahau kukigeuza, abiria wanasoma njia ya asubuhi wakati gari linakwenda njia ya jioni. Ukiona toleo la zamani, swali la kwanza ni hili: kilichobaki nyuma ni kibao peke yake, au ni gari lenyewe? Kibao cha zamani kwenye gari jipya ni usumbufu. Kibao kipya kwenye gari la zamani ni hatari, maana unaamini hitilafu imezibwa kumbe haijazibwa.

Namba zenyewe zinasemaje

Utaratibu uliozoeleka ni namba tatu, mfano 2.4.1. Ya kwanza hupanda yakiwepo mabadiliko makubwa yanayoweza kuvuruga matumizi ya awali, ya pili vikiongezwa vitu vipya, ya tatu hitilafu zikirekebishwa. Windows huongeza namba ya nne kwenye mafaili yake, na kila moja kati ya hizo nne haiwezi kuzidi 65535. Lakini hakuna anayelazimishwa kufuata mpango huo. LibreOffice ilikuwa 7.6, halafu mwaka 2024 ikaruka hadi 24.2, yaani mwaka 2024 mwezi wa 2. Aliyeona mruko huo akadhani amepitwa na matoleo kumi na saba hajapitwa na kitu. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu.

Nukta iliyomo si ya desimali. 2.10 huja baada ya 2.9, kama sura ya kumi inavyofuata ya tisa. Kosa hili huwapata hata waandishi wa programu: wakilinganisha matoleo kama maneno badala ya namba, kompyuta huona "2.10" iko nyuma ya "2.9", kwa kuwa herufi 1 hutangulia 9. Matokeo yake, sehemu ya kutafuta masasisho inamwambia mtu aliyekwama kwenye 2.9 kwamba anatumia toleo jipya kuliko yote, na atakaa hapo miezi bila kushtuka. Mwaka 2022 Chrome na Firefox zilipokaribia toleo la 100, watengenezaji wake walifanya majaribio mapema kwa hofu ya tovuti zilizozoea kusoma tarakimu mbili tu.

Ni faili gani hasa linalofanya kazi?

Kabla ya kusakinisha upya, jambo ambalo kila mtu hulikimbilia, fungua programu inayolalamikiwa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafute kwenye orodha, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya na uchague "Open file location". Folda itakayofunguka ndimo lilimo faili linaloendesha kazi sasa hivi. Bonyeza kulia juu ya faili hilo, chagua Properties kisha Details, usome toleo lililoandikwa humo. Nusu dakika imetosha, na tayari umeshajua kama mgonjwa ni gari au kibao.

Mara nyingi utakuta folda si ile uliyoitegemea. Programu moja inaweza kusakinishwa kwa ajili ya watumiaji wote, ikakaa ndani ya Program Files, na ikasakinishwa tena kwa mtumiaji mmoja, ikakaa ndani ya AppData\Local\Programs. Umesasisha moja, njia ya mkato iliyobandikwa chini ya skrini inafungua nyingine. Kwa zana za kuandikiwa amri ni vilevile: amri ya where.exe python kwenye Windows, au which -a python3 kwenye Linux na Mac, hutaja nakala zote kwa mpangilio, na ya juu ndiyo inayotumika. Ondoa nakala moja kabisa. Kuziacha mbili ukijiambia utakumbuka ipi ni ipi ni kujiwekea deni.

Ikiwa folda ni sahihi lakini faili ni la zamani, huenda programu haikuwa imefungwa wakati wa kusasisha. Programu kadhaa hazifungi kazi unapobonyeza alama ya X. Zinajificha kwenye kona karibu na saa. Windows kwa kawaida hairuhusu faili linalotumika kubadilishwa, hivyo kisakinishi huacha maagizo kwamba libadilishwe mashine itakapowashwa upya. Kuna mtego hapa. Kuzima kwa "Shut down" kwenye Windows 10 na 11, kama kipengele cha kuwaka haraka kimewashwa, hakuzimi kiini cha mfumo. Huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kama kilivyokuwa. Anayezima kila jioni na kuwasha kila asubuhi anaweza kukaa wiki nzima bila maagizo yale kutekelezwa. Chagua "Restart". Kwa jambo hili, kuzima na kuanzisha upya si kitu kimoja.

Mashine moja, watu wawili, matoleo mawili

Kisa hiki hutokea zaidi kwenye programu za zamani za maduka na maghala. Tuseme programu imesasishwa kutoka 2.4 hadi 2.5. Mwenye duka akiingia kwa akaunti yake anaona 2.5. Keshia akiingia kwa yake, kwenye mashine hiyohiyo, anaona 2.4. Wanasakinisha tena, hali ni ileile. Wanaanza kuzungumzia virusi.

Hakuna kirusi. Programu hiyo huandika toleo lake kwenye faili dogo, tuseme version.ini, lililomo ndani ya folda yake katika Program Files (x86). Mtumiaji asiye msimamizi haruhusiwi kuandika humo. Ili programu za zamani zisianguke kwa kunyimwa ruhusa, Windows, tangu toleo la Vista, huzigeuzia njia kimyakimya: programu inadhani imeandika Program Files, kumbe faili limekwenda kwenye nakala ya siri ya mtumiaji huyo, ndani ya AppData\Local\VirtualStore. Kuanzia hapo, programu ikitaka kusoma faili hilo, hupewa nakala ya siri kwanza. Kisakinishi kikibadilisha faili halisi, keshia hatoliona kamwe, kwa sababu nakala yake ya 2.4 inasimama mbele.

Dawa ni fupi. Ingia kwa akaunti ya keshia, funga programu, bonyeza Windows na R, andika %LOCALAPPDATA%\VirtualStore, ingia Program Files (x86), kisha folda ya programu. Usifute papo hapo. Badilisha jina la folda hiyo, uiongezee maneno kama "-zamani", ufungue programu na kuangalia. Sababu ya tahadhari hii ni kwamba programu iliyoandika toleo lake humo inaweza kuwa imeweka humo pia mipangilio ya printa, au mbaya zaidi, hifadhidata ya mauzo. Mwandishi wa programu naye ana la kufanya: data zinazobadilika zikae AppData au ProgramData, na faili la programu libebe maelezo ya manifesti yanayotaja kiwango cha ruhusa inachohitaji. Likiwa nayo, Windows haigeuzi njia tena. Kosa litaonekana wazi badala ya kujificha.

Orodha ya programu inasema lake

Namba unayoiona kwenye Settings, katika orodha ya programu zilizosakinishwa, haitoki kwenye faili la programu. Inatoka kwenye rejista, mstari wa DisplayVersion, ulioandikwa na kisakinishi siku ya kwanza. Programu inayojisasisha yenyewe kwa kubadilisha mafaili tu, bila kugusa mstari huo, itaonekana 2.4 kwenye orodha na 2.5 kwenye dirisha lake la "Kuhusu". Gari jipya, kibao cha zamani. Usumbufu wake huonekana ofisini, pale zana za ukaguzi zinaposoma rejista na kutangaza mashine hamsini kuwa zimepitwa na wakati wakati zimeshasasishwa.

Kwenye Mac shida huwa nyepesi. Programu hubeba namba mbili ndani ya faili la Info.plist, moja ya kuonyeshwa kwa watu na nyingine ya kuhesabu matoleo ya ndani, na kosa la kawaida ni kuendelea kufungua nakala iliyobaki kwenye Downloads badala ya ile ya Applications.

Linux ina dhana potofu inayostahili kuvunjwa. Watu huona namba ndogo na kuhitimisha kuwa mfumo ni dhaifu. Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, hugandisha namba ya toleo, halafu huchukua marekebisho ya usalama kutoka matoleo mapya na kuyapandikiza kwenye lile la zamani. Julai 2024 ilipotangazwa hitilafu kubwa ya OpenSSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali, iliyopewa jina la regreSSHion, waandishi wake waliirekebisha kwenye toleo la 9.8. Debian 12 ikabaki 9.2, lakini kifurushi chake kikawa 1:9.2p1-2+deb12u3, na tundu lilikuwa limezibwa. Aliyesoma "9.2" akaishia hapo alisoma nusu ya kibao. Mkia ndio wenye habari, na amri ya apt policy ikifuatwa na jina la kifurushi huuonyesha wote, pamoja na toleo linalosubiri kusakinishwa.

Kwa anayeandika programu

Ukiambiwa na wateja kwamba toleo halibadiliki, anza kwa kuhesabu namba hiyo imeandikwa mara ngapi ndani ya mradi wako. Ikiwa unatumia Git, zana ya kutunza historia ya msimbo, tafuta kwa git grep, na usitafute 2.4.0 peke yake. Faili la rasilimali la Windows, lile la .rc, huandika toleo mara mbili: mara moja kwa mikato, 2,4,0,0, na mara nyingine kama maneno, "2.4.0.0". Anayetafuta nukta tu huacha mikato nyuma, na faili linatoka likiwa na matoleo mawili yanayopingana. Amri ya git grep -nE "2[.,] ?4[.,] ?0" hunasa zote. Ukipata zaidi ya sehemu moja inayojazwa kwa mkono, umeshapata chanzo cha tatizo, hata kama leo zote zinalingana. Chagua sehemu moja iwe mama, nyingine zijazwe kutoka humo wakati wa kujenga programu.

Kwenye lugha ya C# kuna namba tatu: ya mkusanyiko (AssemblyVersion), ya faili (FileVersion) na ya maelezo (InformationalVersion). Mradi wa mtindo mpya ukiwa na mstari wa Version ndani ya faili la .csproj, zote tatu huufuata. Usipoandika chochote unapewa 1.0.0. Lakini mtu akishaandika AssemblyVersion peke yake, namba hiyo hubaki pale alipoiweka, na timu nyingi huiacha 2.0.0.0 kwa makusudi ili maktaba zinazoitegemea zisivurugike. Dirisha la "Kuhusu" likisoma namba hiyo litaandika 2.0.0.0 milele. Lisome ya maelezo. Na miradi iliyohamishwa kutoka mtindo wa zamani mara nyingi hubeba AssemblyInfo.cs pamoja na mpangilio wa GenerateAssemblyInfo uliozimwa. Hapo hata ubadilishe Version kila siku, programu itasoma faili la zamani.

Wanaochukua toleo kutoka kwenye tagi za Git, yaani majina yanayobandikwa kwenye hatua fulani ya msimbo, wana mitego yao. Amri ya git describe ikitoa v2.4.0-17-g3fa92c1, maana yake ni komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) kumi na saba baada ya tagi v2.4.0. Ikiwa umeweka tagi v2.5.0 na bado unaona hivyo, angalia mambo matatu. Tagi nyepesi, iliyowekwa bila ujumbe, hupuuzwa na git describe mpaka uongeze --tags. Git push ya kawaida haipeleki tagi. Inabidi --follow-tags, ambayo nayo hupeleka zile zenye ujumbe tu, au uitaje tagi kwa jina. Na seva ya kujengea huenda inavuta historia fupi: kwenye GitHub Actions hatua ya checkout huvuta komiti moja tu isipoambiwa vingine, hivyo kwa kawaida tagi hazipo, na mradi unaangukia namba ya akiba iliyoandikwa na mtu miaka iliyopita. Weka fetch-depth: 0.

CMake, zana ya kuandaa ujenzi wa programu, ina lake. Ukiita git describe kwa execute_process kisha ukajaza version.h kwa configure_file, kazi hiyo hufanyika wakati wa kuandaa mradi, si kila unapoujenga. Unaweka tagi, unajenga, msimbo mpya unaingia wote, namba inabaki ya wiki iliyopita. Watu hufuta folda ya build, mambo yananyooka, wanasema "ilikuwa kache", na mwezi ujao yanajirudia. Peleka hatua ile kwenye kazi inayoendeshwa kila ujenzi, na iandike version.h pale tu namba inapobadilika, vinginevyo utajenga mradi mzima upya kila mara. Python ina ndugu wa tatizo hili: mradi uliosakinishwa kwa pip install -e hubaki na namba ya siku uliposakinishwa, hadi urudie amri ileile.

Kisakinishi ndicho kinacholeta ile hali ya hatari niliyoitaja mwanzoni. Kwa kawaida Windows Installer na Inno Setup hazigusi faili ambalo tayari lipo likiwa na toleo sawa au kubwa zaidi. Ukirekebisha hitilafu ukasahau kupandisha toleo la faili, kisakinishi kinaweza kuliruka, kikaandika 2.5.1 kwenye rejista, na kusema kimemaliza salama. Mteja ana kibao cha 2.5.1 na gari la 2.5.0. Ongeza na hili: Windows Installer hulinganisha namba tatu za mwanzo tu za toleo la bidhaa. Kupanda kutoka 2.5.0.1 kwenda 2.5.0.2 kwake si kupanda, na mteja anaweza kuishia na mistari miwili ya programu moja kwenye orodha.

Makosa haya hayaonekani kwenye mashine safi, na huko ndiko wengi hupimia. Pima kwenye mashine yenye toleo lililotangulia, programu ikiwa imefunguliwa, kwa akaunti isiyo ya msimamizi. Halafu lifanye dirisha la "Kuhusu" liseme zaidi ya namba: liweke utambulisho wa komiti na njia kamili ya faili linaloendeshwa, ambayo C# huipata kwa Environment.ProcessPath na Qt kwa applicationFilePath, pamoja na kitufe cha kunakili vyote. Mteja akipiga simu, mwambie akutumie mstari wa njia kwanza. Namba aitaje baadaye.